Notisi ya siku 28 inaweza kuua dai halali? Tumekuta mwamba chini ya gati na tumeambiwa tumechelewa

#1 FundiGati

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanasheria, wahandisi na wakadiriaji majenzi waliomo humu.

Mimi ni mhandisi wa kampuni ndogo ya wazawa inayopigilia nguzo za chuma baharini. Tupo kwenye ujenzi wa gati moja ambalo sitalitaja, na wahusika wake pia sitawataja. Michoro inataka kila nguzo izame mita 18 chini ya sakafu ya bahari. Tulipofika mstari wa tatu, nguzo ya nne iligoma kwenye mita 11. Nyundo ikawa inaruka badala ya kusukuma, kichwa cha nguzo kikajikunja kama mdomo wa kikombe cha bati kilichoangushwa sakafuni, na mtambo wa kuchoronga tulioukodi baadaye ulitoa vipande vyeupe vya matumbawe vigumu kama zege. Ripoti ya udongo tuliyopewa wakati wa zabuni inaonyesha mchanga na tope hadi mita 22.

Tishari limekaa wiki tano bila kazi huku kodi yake ikihesabika kila siku, na gharama imekwisha kula faida yote ya kazi hii. Mkaguzi wa mhandisi msimamizi alikuwepo siku hiyo, akapiga picha, na ni yeye mwenyewe aliyeziweka kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Kikao cha saiti cha wiki iliyofuata kimeliandika jambo hilo kwenye muhtasari. Barua rasmi ya dai, hata hivyo, tuliipeleka siku ya 41, na jibu tulilopata lina mistari minne tu: dai limekataliwa kwa kuwa notisi haikutolewa ndani ya siku 28.

Sheria ya Ukomo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 89, inanipa miaka 6 kudai haki itokanayo na mkataba. Inawezekanaje masharti ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, lenye mikataba ya mfano ya ujenzi) yakaifupisha miaka hiyo kuwa siku 28?

#2 WakiliWaKando

Pole sana mkuu. Kama mnatumia Kitabu Chekundu cha 1999, yaani mkataba wa mfano wa FIDIC wa kazi za ujenzi, ibara ndogo ya 20.1 inasema mambo mawili na watu wengi husoma moja. La kwanza, mkandarasi atoe notisi ya dai ndani ya siku 28 tangu alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. La pili, asipofanya hivyo muda wa kukamilisha kazi hautaongezwa, hatalipwa malipo ya ziada, na mwajiri (mwenye mradi) atakuwa ameondolewa wajibu wote unaohusu dai hilo. Kwa hiyo miaka 6 ni muda wa kwenda kudai haki ambayo tayari unayo, ilhali siku 28 ni sharti la haki yenyewe kuzaliwa. Hujapanda, unauliza msimu wa kuvuna.

#3 Mzee wa Nanga

Hata angewahi notisi, mimi nisingemlipa. Pwani hii kuanzia Lamu hadi Mtwara imekalia matumbawe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, misikiti ya Kilwa imejengwa kwa matumbawe, na chokaa ya babu zetu ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ibara ya 4.12 inazungumzia hali ya ardhi ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia hadi siku ya kuwasilisha zabuni. Mkandarasi mzoefu wa bahari yetu anayeshangaa kukuta tumbawe ni sawa na mvuvi anayeshangaa kukuta maji.

#4 FundiGati

Mzee wa Nanga, nimecheka, lakini hebu tutendeane haki. Mwajiri alichimba visima viwili tu vya uchunguzi, kimoja kila mwisho wa gati, na kati yake kuna mita 240. Vyote viwili vilionyesha mchanga na tope. Zabuni ilifungwa ndani ya siku 30. Ulitaka nitafute wapi fedha na muda wa kuchoronga bahari ya mtu ambaye hata hajanipa kazi?

#5 Mkadiriaji Mstaafu

Hoja ya #4 ina uzito wa kibinadamu, lakini someni ibara ya 4.10. Mwajiri anawajibika kutoa taarifa alizonazo. Kuzitafsiri ni juu ya mkandarasi. Kuna kesi ya Gibraltar ambayo kila anayeshughulika na madai ya FIDIC huifahamu. Kampuni ya Kihispania ya Obrascon Huarte Lain ilipewa kazi ya barabara na handaki linalopita chini ya njia ya kurukia ndege, ikakuta udongo uliochafuliwa kuliko ilivyotazamia, ikadai. Jaji Akenhead, katika hukumu ya London ya mwaka 2014, alisema kwamba mkandarasi mzoefu hapaswi kuipokea ripoti na kuishia hapo, bali anatakiwa kupima mwenyewe kinachoweza kuwepo kwa kutazama historia ya eneo. Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono mwaka 2015.

Hata hivyo, kesi hiyohiyo ina asali kidogo kwa mleta uzi. Jaji alikataa kuibana mno ibara ya 20.1. Alisema notisi haihitaji muundo maalumu ilimradi iwe ya maandishi na ieleweke kuwa ni dai, na kuhusu nyongeza ya muda, siku 28 zinaweza kuhesabiwa tangu ucheleweshaji ulipoanza kutokea kweli, si lazima tangu tukio lenyewe. Sasa tuambie: tishari lilisimama lini hasa? Na je, mna toleo la 1999 au la 2017? Majibu yatatofautiana.

#6 FundiGati

Asante mzee. Nimefungua jalada: masharti ni ya toleo la 1999. Nyundo iligoma tarehe 3, lakini tuliendelea na nguzo nyingine za mstari huo, na tishari lilisimama kabisa tarehe 15. Kwa hesabu hiyo barua yetu ilifika siku ya 29. Siku moja!

Nifafanue pia kwamba mkataba wetu ni na mkandarasi mkuu, si na mwajiri moja kwa moja.

#7 WakiliWaKando

Hilo ungelisema kwenye mstari wa kwanza, ndugu yangu. Tumekaa asubuhi nzima tukipima nguo ya mtu mwingine.

Kama ninyi ni wakandarasi wadogo, mnachotakiwa kusoma ni mkataba wenu na mkandarasi mkuu. Iwapo mlitumia fomu ya FIDIC ya mwaka 2011 ya mikataba kati ya mkandarasi mkuu na mdogo, muda wenu wa notisi ni siku 21, ili mkuu abaki na nafasi ya kuwahi siku zake 28 kwa mwajiri. Nisahihishe pia jambo la #5: hata hesabu ya Akenhead ilihusu nyongeza ya muda chini ya ibara ya 8.4. Kwa fedha za kuchoronga, ambazo mlizijua tangu mtambo ulipokodiwa, sioni kama itawafaa.

#8 Kipanga wa Tanga

Kutoka miaka 6 hadi siku 28, kutoka siku 28 hadi siku 21, na bado ni mchana. Mleta uzi, nakushauri uufunge uzi kabla hujaambiwa ulitakiwa kutoa notisi kabla ya kuzaliwa.

#9 SheriaKwaKiswahili

Naona wanasheria wenzangu mnakimbilia London ilhali jibu lipo nyumbani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo tuliichota kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, ina kifungu cha 28 (namba nayo imekuja yenyewe) kinachobatilisha makubaliano yanayomzuia mtu kabisa kudai haki yake kwa njia za kawaida za kisheria, au yanayoufupisha muda wa kufanya hivyo. Siku 28 badala ya miaka 6 kama si kufupisha muda ni nini? Ongeza hapo Ibara ya 107A ya Katiba, inayozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayokwamisha haki. Msimamizi aliuona mwamba, akaupiga picha, akaujadili kikaoni. Lengo la notisi ni kumfahamisha mhusika, naye alikwisha kufahamu kabla hata ya mkurugenzi wa kampuni ya mleta uzi.

#10 WakiliWaKando

Mheshimiwa #9, India kwenyewe mahakama zilitofautisha kwa miaka mingi kati ya mkataba unaofupisha muda wa kushtaki, ambao ni batili, na mkataba unaoizima haki yenyewe baada ya muda fulani, ambao ulikubalika. Ndiyo maana Bunge lao lilirekebisha kifungu chao mwaka 1997 ili kubatilisha na aina hiyo ya pili. Marekebisho yale hayatufungi sisi. Na Ibara ya 107A inaelekezwa kwa mahakama. Mgogoro huu, ukifuata ibara ya 20, utaishia kwa wasuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, na msuluhishi ataanza na maneno ambayo pande zote mbili zilitia saini.

#11 SheriaKwaKiswahili

Kwa hiyo Katiba inaishia kwenye mlango wa chumba cha usuluhishi? Msuluhishi akiamua kinyume na sera ya umma ya nchi, tuzo yake, yaani uamuzi wake, itaepukaje kupingwa Mahakama Kuu? Tutabishana hadi kusi ligeuke kaskazi, lakini sitakubali kwamba picha iliyopigwa na msimamizi mwenyewe si taarifa.

#12 Upande wa Mwajiri

Nimefanya kazi ya usimamizi wa mikataba upande wa waajiri kwa miaka mingi, na naona huku kila mtu anamhurumia mkandarasi. Sharti la notisi lina sababu yake, hasa baharini. Kwenye barabara, mkandarasi akidai kuwa alikuta jiwe, baada ya miezi mitatu nitakwenda kulichimbua nilione. Chini ya gati, nguzo ikishazamishwa na kofia ya zege kumwagwa juu yake, ushahidi umezikwa. Ningepata notisi mapema ningeweza kutuma mpimaji wangu, kuhesabu saa za mtambo, au hata kumwambia mbunifu asogeze mstari wa nguzo mita nne na kuokoa fedha zote hizo. Ukiniletea hesabu siku ya 41 umeninyima nafasi ya kuchagua, halafu unataka nilipie chaguo lako.

Kuhusu picha za WhatsApp: kundi lile huwa na ujumbe 300 kwa wiki, zikiwemo salamu za Ijumaa na matangazo ya harusi. Ibara ya 1.3 inataja njia za mawasiliano zinazokubalika, na njia za kielektroniki ni zile tu zilizotajwa kwenye kiambatisho cha zabuni.

#13 FundiGati

Kaka wa #12, nakuelewa, lakini mbona kisu hicho kinakata upande mmoja tu? Toleo hilihili la 1999, ibara ya 2.5, mwajiri akiwa na dai dhidi ya mkandarasi anatakiwa kutoa notisi mapema iwezekanavyo tu. Hakuna siku 28, wala maneno yanayosema atapoteza haki.

#14 Mkadiriaji Mstaafu

Hapo mleta uzi amepiga penyewe. Ndiyo maana toleo la 2017 limewaweka wote wawili chini ya ibara moja ya 20.2, siku 28 kwa kila upande. Zaidi ya hapo, chini ya toleo hilo Mhandisi anayeona notisi imechelewa anatakiwa kusema hivyo ndani ya siku 14 tangu aipokee, akitoa sababu. Akinyamaza, notisi inahesabiwa kuwa halali, ingawa upande wa pili bado unaweza kupinga. Sambamba na hilo, 2017 inataka notisi ijitambulishe kuwa ni notisi, kwa hiyo ile hoja ya muhtasari wa kikao ingekufa mapema zaidi.

#15 Mswahili wa Muttrah

Salamu kutoka Muscat. Huku Ghuba mjadala kama huu huanzia kwingine. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 29 ya mwaka 2013, inataka mkataba utekelezwe kwa nia njema, na mawakili wa wakandarasi huanza na hoja hiyo: mwajiri aliyejua kila kitu hawezi kujificha nyuma ya tarehe. Sisemi kwamba wanashinda kila mara. Niliwahi kushika kalamu ya mawasiliano kwenye kazi ya ukuta wa kuzuia mawimbi, na kila asubuhi mwanasheria wetu, kijana mmoja mpole, alipita saiti na buti zake akiuliza swali moja tu kwa kila fundi: «Jana ni nini hakikwenda kama kilivyopangwa?» Jioni kulikuwa na barua mbili au tatu. Msimamizi alituchukia, lakini tulilipwa.

#16 Mtu wa Amu

Nasoma uzi huu tangu juu na nimeona mkandarasi, msimamizi, mwajiri, wakili. Niwaulize, na wale ambao bahari ni shamba lao watoe notisi kwa nani, na ndani ya siku ngapi?

Huku Lamu wavuvi walipeleka kesi mwaka 2012 juu ya ujenzi wa bandari mpya, kesi inayojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka tarehe 30 Aprili 2018. Mahakama ilisema haki za utamaduni, mazingira safi, habari na ushirikishwaji wa umma zilikiukwa, na ikaagiza wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 huku watu wangali wakifuatilia fedha hizo. Mwisho pande zikaelewana nje ya mahakama kwamba asilimia 65 itolewe kwa fedha taslimu na 35 kwa njia ya vifaa na miradi ya uvuvi. Marehemu ami yangu alikuwa kwenye orodha. Alikuwa akivua kwa mitego ya dema kwenye miamba ya karibu, na mashine za kuongeza kina zilipoanza kazi maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Dema linainuliwa na halina hata changu mmoja. Yeye hakuwa na ibara ya 20.1 ya kumlinda wala ya kumbana.

#17 Upande wa Mwajiri

Mtu wa Amu, pole kwa msiba. Nakubali kwamba sehemu hii hatuifanyi vizuri. Mara nyingi mwanasheria wa mradi huitwa kukagua rasimu ya mkataba wa ujenzi, lakini tathmini ya mazingira na orodha ya walioathirika huachiwa idara nyingine, na mambo hayo mawili hukutana mahakamani kwa mara ya kwanza.

#18 Kipanga wa Tanga

Na serikali nazo zikipuuza tuzo, sote tunajua ndege inakwenda wapi. Mwaka 2017 ile Bombardier Q400 yetu ilizuiwa Canada kwa sababu ya deni la kampuni ya Stirling Civil Engineering, lililotokana na mkataba wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo. Iliachiwa Machi 2018. Barabara ya Bagamoyo imezuia ndege Canada. Hapo ndipo nilipoanza kuheshimu ibara za mikataba.

#19 WakiliWaKando

Na sababu yake haina miujiza. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa New York wa kutambua tuzo za usuluhishi tangu mwaka 1964, kwa hiyo mwenye tuzo anaweza kufuata mali katika nchi nyingine wanachama. Ila tusimpoteze mleta uzi. Kampuni ya kupigilia nguzo haina uwezo wa kufukuzia ndege.

Mkuu FundiGati, je, mkandarasi mkuu alitoa notisi yake kwa mwajiri kuhusu mwamba huo?

#20 FundiGati

Nimerudi wakuu. Nimefuatilia kwa rafiki aliye kwenye ofisi ya mkandarasi mkuu. Walitoa notisi yao siku ya 19. Imeandikwa vizuri, ina picha zilezile za WhatsApp na kumbukumbu za mapigo ya nyundo zilizoandikwa na karani wangu, kwa mwandiko wake, zikiwa zimenakiliwa bila jina la kampuni yetu. Dai lao kwa mwajiri lingali hai. Dai langu kwao ndilo lililokufa.

#21 SheriaKwaKiswahili

Basi hoja ya kuchelewa imekwisha! Hawawezi kumwambia mwajiri kwamba tukio lilitokea na liliwagharimu, kisha wakageuka na kukuambia hawakutaarifiwa. Walijuaje ndani ya siku 19 kama si kupitia kwako?

#22 Mkadiriaji Mstaafu

Taratibu mheshimiwa. Kujua si kutaarifiwa kwamba kuna dai. Tumelizungumza tangu #5. Mimi ningetafuta kwenye mkataba mdogo kifungu kinachomtaka mkandarasi mkuu ampatie mdogo sehemu yake ya chochote atakachokipata kutoka kwa mwajiri. Kama kipo, dai la mleta uzi lipo ndani ya dai lao, na tarehe itakayohesabika ni ile ya siku ya 19. Kama hakipo, naona giza.

#23 WakiliWaKando

Mimi naona giza hata kikiwepo, kwa sababu vifungu vya aina hiyo navyo huanza na maneno «iwapo mkandarasi mdogo atakuwa ametimiza masharti ya notisi». Lete maneno yenyewe, usilete kumbukumbu zake.

#24 Mzee wa Nanga

Na mimi bado nasema ni matumbawe ya pwani, yanajulikana.

#25 FundiGati

Nashukuru wote. Kifungu kipo, nimekipata ukurasa wa 63, na kinaanza hasa kama alivyosema WakiliWaKando, ila kuna neno «kwa kiasi cha kuridhisha» baada ya «ametimiza», na mwanasheria tuliyemwona leo amelipigia mstari mara mbili bila kusema kitu.

Jambo jingine: leo saa 4 asubuhi, mstari wa nne, nguzo ya pili imegoma kwenye mita 12. Saa 9 alasiri barua ilikuwa mapokezi ya mkandarasi mkuu. Dada wa mapokezi akaniuliza haraka yote hii ni ya nini, akasema niiache tu mezani.

#26 Mswahili wa Muttrah

Uliiacha mezani, au ulipata muhuri wa kupokelewa wenye tarehe?